Koti la Mvua Lenye Kofia Ndefu

Wiki iliyopita niliingia dukani na binti yangu kumtafutia koti la mvua. Shule yao inawapeleka watoto kulala kwenye mahema huko milimani, na mwalimu alisisitiza kila mtoto awe na poncho, lile koti pana lisilo na mikono ambalo unaliingiza kichwani tu na kuliachilia. Ukiwa njiani unalivaa, ukifika unalifungua na kulitandaza juu ya vijiti, unakaa chini yake. Dukani yalikuwa yametundikwa ya kila rangi. Binti yangu alikuwa ameshachagua la waridi kabla hata hatujasalimiana na mwenye duka. Mimi nilichukua moja la kijani, nikalikunjua, nikaingiza pua ndani. Harufu ya mpira mpya. Nikasahau niko wapi.

"Mama, watu wanatuangalia," binti yangu akasema.

Waache waangalie, si wana macho. Nikatoa simu, nikampigia mama yangu huko Kanyangi. Iliita sana kabla hajapokea, na sauti yake ilipokuja ilikuwa nzito.

"Ulikuwa wapi, Mwaitu?" nikamuuliza. Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama aliyetuzaa.

"Nilikuwa nimelala."

Saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, na mama yangu alikuwa amelala, tena anasema hivyo bila aibu yoyote. Nilifurahi nikatabasamu peke yangu mbele ya yule muuzaji. Nikamweleza kwamba natafuta koti la mvua na sijui nichague lipi. Hakuuliza bei, hakuuliza rangi.

"Kofia yake ni ndefu?" akauliza.

Nikacheka hadi binti yangu akasogea mbali kidogo, ajifanye hanijui.

Wenzangu wa rika langu mliokulia upande wetu hamhitaji maelezo mengi. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Jirani mwenye mabati, mvua ikinyesha, aliweka pipa chini ya mfereji akapata maji yake safi. Sisi maji ya paa letu yalitoka na rangi ya chai ya rangi na ladha ya moshi, hata mbuzi aliyanusa akageuza uso. Baba alikuwa fundi wa ujenzi upande wa Mukuyuni, akija nyumbani mara mojamoja, na kila akija alituahidi mabati. Alikuwa akiwaezekea wengine nyumba huko, kwetu akaleta ahadi. Sisemi kwa ubaya. Mabati alikuja kuyaleta, lakini hadithi yangu ni ya kabla ya hapo.

Kwa hivyo maji yetu yalikuwa ya mto, na mto wenyewe kwa miezi mingi ya mwaka ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake walichimba mashimo mchangani, wakangoja maji yachuruzike polepole, wakayateka kwa kikombe na kuyamimina mtungini. Aliyetangulia alipata maji safi. Aliyechelewa alipata tope na maneno. Mama hakupenda maneno, basi aliondoka kabla ya jogoo, yeye na punda wetu aliyeitwa Dereva kwa sababu alijua njia kuliko sisi sote. Nilipoamka, upande wa mama kitandani ulikuwa umepoa zamani. Alirudi jua likiwa juu, akaenda shambani, akapika, na jioni usingizi ulinibeba yeye akiwa bado anapembua ndengu kwenye ungo.

Kwa hivyo, katika akili yangu ya darasa la pili, nilifikia uamuzi kwamba akina mama hawalali. Niliona baba akilala, niliona mbuzi wakilala, nilimwona hata pasta akisinzia mgeni akihubiri. Mama yangu sikuwahi kumwona. Nilimuuliza Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, kama na yeye alipokuwa mama hakuwa akilala.

"Ningelala saa ngapi?" Susu akanijibu.

Basi nikajua nimepata jibu. Lakini jibu halikuniondolea hamu. Mimi sikutaka gauni wala kiatu. Nilitaka asubuhi moja tu niamke nimkute. Kanisani tulipoambiwa kila mtu apeleke haja yake kimyakimya, watu wazima waliomba mvua na mimi niliomba hiyo.

Mwaka huo ndipo mama alipouza mbuzi ili anunue koti la mvua.

Lazima mjue ulivyokuwa ukame wenyewe ndipo mwelewe kwa nini watu walicheka. Silanga, lile bwawa la udongo la kijiji, lilikuwa limepasukapasuka na watoto walichezea mpira ndani yake. Na mama yangu katikati ya vumbi hilo anasema anaenda soko la Kwa Vonza kununua koti la mvua. Susu aliweka mwiko chini.

"Dalili ya mvua ni mawingu," akasema. "Si koti."

"Najua, Mama," mama yangu akajibu kwa heshima, na akaendelea kumfunga mbuzi kamba.

Alinunua la nini, hakumwambia mtu. Mama alikuwa na tabia moja ambayo mpaka leo anayo: hasemi habari ya mvua kabla haijanyesha. Hasemi atapanda nini, hasemi ataweka pipa wapi. Ukimuuliza atakuambia, "Ngoja kwanza ifike." Mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeshajijibu. Nani mwingine pale nyumbani alikuwa akitembea kwenda shule? Koti lilikuwa langu.

Tulipata lifti ya lori la mchanga hadi Kwa Vonza, mbuzi wetu akiwa nyuma na sisi mbele karibu na dereva. Mbuzi tulimwacha sokoni kwa mnunuzi, sisi tukaingia kwenye duka la Bwana Salimu. Huyu mzee babu zake walitoka pwani, na alizungumza Kiswahili kilichonyooka hadi nikaona haya kufungua mdomo. Aliuza kila kitu: ndoo, kandili, viatu vya mpira, na makoti ya mvua matatu yaliyokuwa yamekaa sana hadi mikunjo yake imekamata vumbi.

"Karibu, mama. Huyu ndiye anayetaka kujikinga na mvua?" akaniangalia kwa huruma, nadhani kwa sababu nje jua lilikuwa linachoma bati.

"Nataka hii kubwa," mama akasema.

"Hilo ni la mtu mzima. Mtoto atapotea humo ndani."

"Atakua."

Bwana Salimu akalitandaza juu ya meza. Mama akalikagua kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu akikagua nguo. Hakulipima begani. Alivuta pembe zake nne moja moja, akaingiza kidole kwenye yale matundu ya chuma ya kupitishia kamba, akayakaza kwa nguvu. Kisha akashika kofia iliyoshonewa pale shingoni, akaipindua chini juu, akaingiza mkono wote ndani.

"Hii kofia yake ni fupi. Hakuna ingine yenye iko na kofia mrefu?"

"Lipo hili la kijani. Lakini mama, kofia hii ni ya mtu mwenye kichwa kikubwa mno." Akanitazama tena. "Kichwa cha huyu kitafika hapa?"

"Kitafika," mama akasema, na nikaona anataka tu mazungumzo yaishe.

Nilishika kichwa changu kwa mikono miwili. Mama yangu alikuwa amejua kitu juu ya kichwa changu na hakuniambia. Nilikipapasa huku na huku kuona kama kimeanza kuvimba.

Halafu mama akafanya la kustaajabisha zaidi. Aliomba maji kikombe kimoja. Bwana Salimu alidhani ana kiu akampa kwa moyo mkunjufu, na mama akayamwaga yote katikati ya lile koti la kwanza, lililokuwa jeusi, akayakusanya yakatulia kama kidimbwi.

"Ah, hayapiti hayo, mama, usiwe na wasiwasi. Hata tone."

"Sijali kama inapita. Wacha ikae."

Wakaanza kuzungumza habari za mbuzi, za barabara, za watoto wa Bwana Salimu. Maji yalikaa. Baada ya muda mama akachovya kidole, akanusa, akalamba. Akakunja uso.

"Hii iko na harufu ya mafuta taa. Jaribu ile kijani."

Bwana Salimu akalivuta lile la kijani karibu. Alimimina kikombe kingine mwenyewe, na sasa yeye pia alikuwa ameinama akitaka kuona mwisho wa mambo. Wakangoja. Mama akalamba. Akanipa na mimi nilambe.

"Inakuwa namna gani?"

"Ni maji," nikasema.

"Basi ni hii."

"Mama," Bwana Salimu akasema taratibu, akilikunja, "nimeuza makoti miaka mingi. Watu huyavaa. Hili lako litanywewa?"

"Wewe niuzie tu, mzee," mama akasema, na wote wawili wakacheka, kila mmoja kwa sababu yake.

Nilirudi nyumbani nikiwa mtoto tajiri. Koti liliwekwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, na kila siku nikitoka shule nililifungua nikanusa. Lilinukia kama viatu vipya, kama duka la Bwana Salimu, kama Krismasi. Nililivaa mara moja mama akiwa mtoni. Lilinifunika hadi chini na kofia ikaniangukia hadi kidevuni, nikaona giza. Nikaanza kuwa na subira na kichwa changu. Darasani niliwatangazia wote kwamba mvua ikija watanyeshewa wao, mimi nitapita katikati yao nikiwa mkavu, na rafiki yangu Kanini peke yake nitamwingiza ndani. Kanini alinipa nusu ya muwa wake kwa ajili ya nafasi hiyo.

Kijijini nako walipata la kusema. Mutiso, jirani yetu aliyekuwa na baiskeli na mdomo, hakupita kwetu bila kupunguza mwendo.

"Mama Mwende, naona mvua imesikia umejiandaa, imeogopa kuja!"

"Itakuja ukiwa njiani na hiyo baiskeli," mama alimjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye ndengu.

Ikaja siku yenyewe, Jumamosi. Asubuhi upande wa mama kitandani ulikuwa baridi kama kawaida. Saa sita hakuwa amerudi. Saa saba upepo ukabadilika. Ninyi mnajua upepo huo: unatoka upande mmoja na harufu ya udongo uliolowa mbali, mvua yenyewe bado haijakufikia. Kuku waliingia ndani wenyewe. Upande wa mto kulikuwa kumejaa wingu jeusi limekaa chini kabisa. Susu na mimi tulikimbiza mbaazi zilizokuwa zimeanikwa, tukaziingiza, na tulipomaliza Susu akasimama mlangoni akiangalia lile wingu.

"Mama yako atanyeshewa huko," akasema. Kisha akakumbuka. "Na lile koti alinunua la nini? Mpelekee."

Sikungoja kuambiwa mara mbili. Sitaficha kwamba moyo uliniuma kidogo, maana lilikuwa koti langu na hiyo ilikuwa mvua yake ya kwanza. Lakini nilimfikiria mama akija na baridi, na nikaona nitamkuta, nitamfunika, tutatembea wawili ndani ya koti moja hadi nyumbani. Nikalivaa, nikakusanya pindo mikononi, nikashika njia ya mto. Matone ya kwanza yalinipata kwenye mteremko, makubwa, kila moja likichimba shimo lake kwenye vumbi. Yaligonga kofia juu ya kichwa changu kama mtu anayebisha hodi. Nilicheka peke yangu humo ndani.

Nilimkuta mbali na nyumbani, karibu na kona ya migunga. Dereva ndiye aliyeniona kwanza. Aliona kitu cha kijani kisicho na miguu kinashuka kilima, akasimama akakataa. Mitungi mgongoni mwake iligongana kwa sauti ile ya vitu vitupu. Shimo la mama lilikuwa limebomoka alfajiri, amechimba lingine, nalo likabomoka, akaamua kurudi mikono mitupu.

Mama alinitambua, akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Mwende. Umekuja na koti?"

"Nimekuletea usinyeshewe, Mwaitu."

Aliniangalia. Akaangalia kilima kilichotutenga na nyumbani, ambako mapipa yetu mawili yalikuwa yamekaa wazi bila kazi. Akaangalia mbingu, maana sasa mvua ilikuwa imeanza kusema kweli. Nilidhani atanigombeza, na sikujua kosa ni lipi. Kisha akaangalia mitungi mitupu mgongoni mwa Dereva, na mama yangu akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameshika tumbo, maji yakimtiririka usoni, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo.

"Vua haraka," akasema. "Haraka, mtoto wangu, umeleta nyumba hadi huku."

Alifungua kamba za Dereva, akazipitisha kwenye yale matundu ya chuma aliyoyakaza dukani, akafunga pembe nne kwenye matawi ya migunga minne iliyosimama karibu karibu. Miiba ilimchoma, akaikemea na kuendelea. Koti likatandazika juu hewani, limelegea katikati, na kofia ikaning'inia chini, kichwa chini miguu juu. Maji ya kwanza aliyaacha yaoshe vumbi. Halafu akaweka mtungi chini yake, akaibana ile kofia kwa viganja viwili kwenye ukingo wake, pale uso ulipopaswa kukaa, na maji yakashuka humo kwa mkondo mmoja, meupe, yanapiga kelele, moja kwa moja ndani ya mdomo wa mtungi.

Nilisimama nikitazama. Mambo yote ya duka la Bwana Salimu yalinijia kwa pamoja, pembe, kikombe, kulamba.

"Mwaitu," nikasema, "kwa hivyo hii kofia si ya kichwa changu?"

"Kichwa chako?"

"Ulisema kitafika."

Ilibidi aachie kofia ashike mti, na maji mengi yalimwagika hapo kwa sababu ya kicheko. "Kichwa chako ni kizuri hivyo kilivyo," akasema alipopata pumzi. "Leta mtungi mwingine."

Miaka mingi baadaye aliniambia alikotoa akili hiyo. Alikuwa amemwona mfanyakazi mmoja wa barabara ameanika koti lake kwenye ua baada ya manyunyu, kofia imening'inia, na mbuzi wa mtu anakunywa ndani ya kofia. Watu wengine walimfukuza mbuzi. Mama alirudi nyumbani akifikiria.

Kazi yangu ikawa kubadilisha mitungi. Ukijaa mmoja naukokota, naweka mwingine, naukandamiza magotini usianguke. Nililowa hadi mifupani. Mimi niliyeapa darasani kwamba nitapita mkavu, nilikuwa nimesimama kwenye tope hadi kwenye kifundo cha mguu, mdomo wazi, nakunywa mvua kutoka angani, na sikukumbuka hata kidogo kwamba nilikuwa na ahadi na mtu. Dereva naye alisimama pale ameinamisha masikio, ameridhika.

Mutiso akapita, anasukuma baiskeli iliyojaa tope magurudumu yote mawili, shati limemganda mwilini.

"Mama Mwende, sasa umehamia njiani?"

"Karibu," mama akamwambia. "Una chombo?"

Alikuwa na chupa moja. Aliitoa, akaikinga, ikajaa. Akaangalia lile koti, akaiangalia kofia, akatikisa kichwa polepole. Kisha akatundika chupa kwenye usukani na kuondoka, na nadhani ndiyo siku pekee Mutiso aliondoka mahali bila neno.

Mtungi wa mwisho ulipojaa, mama alifungua kamba. Tulimpakia Dereva, tukatembea naye kwenye utelezi, koti limekunjwa chini ya kwapa la mama, mvua inatupiga wote wawili na hakuna aliyelivaa.

"Tukifika tunalifunga juu ya pipa," akasema. "Mvua hii haitaisha sasa." Na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema habari ya siku inayokuja. "Kesho siendi mtoni."

"Hata kidogo?"

"Kwenda kufanya nini, na maji yako nyumbani?"

Tulipofika, Susu alikuwa mlangoni na nguo kavu. Alitutazama tulivyolowa, kisha akatazama koti lililokunjwa vizuri kwapani, akauliza kama sote wawili tumerukwa na akili. Mama alimwonyesha mitungi. Susu akaingiza kidole, akalamba, akalamba tena.

"Na mimi siku ile niliweka mwiko chini nikakubishia," akasema, akaenda kuchochea moto.

Nilipofumbua macho kesho yake, mwanga ulikuwa umeshaingia kwenye nyufa za mlango. Nje vyura walikuwa wanapiga kelele na nilisikia kuku wakigombania kumbikumbi. Nikanyoosha mkono upande wa pili kwa mazoea, kugusa ile baridi. Nikagusa mtu.

Mama alikuwa pale. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, mkono mmoja chini ya shavu, na nyayo zake zimetokeza nje ya blanketi, visigino vimepasuka na mchanga wa mtoni bado uko kwenye nyufa. Hakuwa anatingishika. Nilishtuka. Nilitoka mbio bila viatu hadi jikoni.

"Susu, Mwaitu hajaamka. Kuna kitu kimempata."

Susu aliacha sufuria akaja nami. Alisimama mlangoni kwa muda, akijifuta mikono kwenye leso, na uso wake ukalainika.

"Hana kitu," akanong'ona. "Amelala."

"Hulala?"

"Leo analala. Usimwamshe."

Akarudi jikoni akitembea kwa vidole vya miguu, mwanamke mzee na unene wake wote. Mimi niliurudisha mlango taratibu hadi ule ufa wa mwanga ukawa mwembamba. Nikapanda kitandani bila kuligusa blanketi, nikamtazama nikashiba. Halafu nikalala ubavu na kufumba macho kwa nguvu, ili akizinduka anione bado nimelala, adhani hakujakucha.